Mkanda wa Kifua na Mtoto wa Mbwa

Maneno yaliyosemwa mbele ya wakazi wa maeneo ya mpakani, Bujumbura



Yumkini wapo miongoni mwenu waliostaajabu kusikia kwamba polisi wamewaita ili wazungumze juu ya vilebu na mikanda yao. Mmezoea tuwaite kwa habari za magendo, za vitambulisho na za wizi wa usiku. Leo hatukuja na daftari la faini, wala hatumtafuti mtu. Tumekuja kwa sababu magomvi ya majirani yaliyoanzia kwenye jino la mbwa yametufikisha milangoni mwenu mara nyingi kuliko tunavyopenda, na katika kila gomvi tulipouliza kisa tangu mwanzo, tulirudishwa nyuma hadi siku ile mbwa alipokuwa mdogo wa kukaa katika kikapu.

Turuhusuni tueleze kisa kimoja, bila kutaja mtaa wala jina la mtu. Baba mmoja alinunua mtoto wa mbwa wa miezi miwili ili aje kumlindia ua. Akamfunga shingoni kwa kamba ya nailoni, ile ya wavuvi, na ncha ya pili akaikaza kwenye nguzo ya jiko la nje. Mbwa akawa anakula, anakua, ananenepa, kamba haikukua. Polepole ikaanza kuzama katika manyoya, kisha katika ngozi, kisha katika nyama. Mbwa akawa hataki kuguswa na mtu yeyote. Mwenyewe akafurahi, akawaambia jirani zake kwamba mlinzi wake amekuwa mkali kama alivyotaka. Hakujua kwamba ule haukuwa ukali wa kulinda. Yalikuwa ni maumivu.

Siku moja kamba ilikatika. Binti wa miaka saba alikuwa akipita na sahani, ametumwa ndagala za mchana. Mbwa akamshika paja, akamwachilia, akakimbia kuelekea Rusizi, na hakuonekana tena. Huenda alivuka, huenda alifia majanini. Jambo hilo la kutoonekana lilikuwa zito kuliko jeraha lenyewe, na tutarudi kulieleza. Jioni ile watu walikusanyika mbele ya nyumba ya mwenye mbwa wakiwa na mawe, nasi ndipo tukaitwa. Mzee yule alikuwa ameketi kizingitini, anatetemeka, anarudia neno moja tu: "Nilimfunga ili asimdhuru mtu."

Alisema kweli. Alimfunga kwa nia njema, ila alimfunga mahali pasipofaa, na hapo ndipo lilipo somo letu.

Shingo ya mtoto wa mbwa ni kitu dhaifu. Ndani yake limepita koromeo la pumzi, ambalo ni bomba la gegedu lisilokomaa bado. Kando yake imepita mishipa mikubwa ya damu iendayo kichwani na kurudi. Nyuma yake ziko pingili za uti wa mgongo zinazoendelea kuumbika. Kilebu hajui kutembea kwa adabu. Akiona kuku atachupa, akisikia pikipiki atarudi nyuma kwa nguvu zake zote. Kila akichupa, kamba ya shingo humkaba. Mtamsikia akikohoa kikohozi kikavu kama cha bata. Wengi husema ni mafua. Si mafua, ni koromeo linalobanwa.

Kuna na dhara la pili, lisiloonekana kwa jicho. Mbwa hujifunza kwa kuunganisha mambo mawili yanayotokea kwa pamoja. Akiwa kila amwonapo mtoto wa shule hukabwa shingo, kwa sababu alitaka kumkimbilia na mwenyewe akamvuta kwa ghadhabu, basi baada ya majuma machache atakuwa amefahamu kwamba watoto wa shule huleta maumivu. Hapo mmekwisha kumfundisha kuwachukia watoto, na wala hamkukusudia.

Mkanda wa kifua hufanya kazi kwa njia nyingine. Ni vipande vya ukanda vinavyozunguka kifua na mbavu, vikaacha shingo huru, na kamba ya kuongozea hufungwa kwenye pete iliyoshonwa mgongoni au kifuani. Mbwa akivuta, uzito wake hupokewa na mfupa wa kifua na mbavu, sehemu ambazo Muumba amezipa nguvu ya kubeba. Punda wa mkokoteni hatumfungi shingoni kwa kamba nyembamba, naye ana nguvu mara ngapi? Tumemstahi punda tukamsahau mtoto wa mbwa.

Lakini tusiwadanganye: si kila mkanda wa kifua ni mzuri, na mkanda peke yake haufundishi kitu. Pete ikiwa mgongoni, mbwa mwenye nguvu huona raha kuvuta, kwa maana ndivyo wanavyofungwa mbwa wavutao magari ya theluji katika nchi za baridi. Pete hiyo yamfaa mtoto mdogo na mbwa mtulivu. Kwa anayevuta sana, pete ya mbele, katikati ya kifua, ni bora: akivuta, mwili wake hugeuzwa upande na kumwelekea mwenyewe, na mwendo wa kuvuta humwia mgumu. Umbo lenyewe liwe kama herufi Y ukimtazama mbwa kwa mbele, vipande viwili vikishuka toka mabegani na kukutana kifuani. Ile mikanda inayokata mlalo juu ya mabega humzuia kunyoosha mguu wa mbele, na kwa mnyama ambaye mifupa yake ingali laini hilo si jambo dogo.

Sasa mtatuuliza: tuupate wapi? Maduka yanayouza vitu hivyo mjini ni machache na bei yake si ya mtu wa kawaida. Jibu letu liko Buyenzi. Mafundi wa Buyenzi, wanaofumua magari na kuyashona upya, wanazo kanda kuukuu za viti vya magari, zile za usalama. Hizo ni pana, ni bapa, hazikati ngozi, na zilifumwa ili zistahimili mshindo wa mtu mzima. Fundi viatu mwenye sindano nene aweza kushona mkanda mzima kabla ya adhuhuri. Mpelekeeni vipimo viwili tu: mzingo wa kifua nyuma kidogo ya miguu ya mbele, na urefu toka chini ya shingo hadi katikati ya miguu hiyo. Mwambieni aache nafasi ya kuongezea, na vifungo vinavyosogea, kwa maana mteja wenu anakua kila juma. Mpira wa ndani wa baiskeli usitumike. Unanyumbuka, na mbwa atachomoka. Waya usitajwe kabisa.

Mkanda ukiisha kuvaliwa, pitisheni vidole viwili bapa kati yake na mwili. Visipopita, umebana, vikipita vitatu au kiganja kizima, mbwa atatoka kwa kurudi kinyumenyume, na atatoka siku ile msiyoitaka. Kagueni makwapa kila jioni, maana hapo ndipo mkanda huchubua. Usiku mvueni. Kumvalisha mchana na usiku ni kurudi kulekule kwa kamba ya nailoni, ila tumebadilisha mahali tu.

Tuingie katika mafunzo yenyewe. Kipindi ambacho mtoto wa mbwa hupokea mambo mapya bila hofu ni kifupi: toka juma la 3 hadi karibu la 14 la umri wake. Anachozoea wakati huo atakuwa nacho maisha yake, na asichokiona wakati huo aweza kukiogopa siku zote. Kwa hiyo msiseme mtamfundisha akikomaa. Mkingoja akomae, mtakuwa mmechelewa.

Siku ya kwanza msimvalishe chochote. Wekeni mkanda chini karibu na chakula chake, aunuse. Siku ya pili mshikieni mkanda, mpeni kipande cha ndagala kupitia tundu la mkanda, ili mwenyewe aingize kichwa akikifuata. Halafu ufungeni kwa dakika chache tu huku akila, kisha mvueni kabla hajachoka. Wengine hukaa chini na kukataa kutembea, kana kwamba wamevishwa jiwe. Msiwaburute. Chuchumaeni hatua mbili mbele yake, mwiteni kwa sauti laini, naye atakuja. Sharti tu asipate hasara kwa kuja. Baadaye mwacheni aburute kamba nyepesi ndani ya ua huku mkimwangalia, na mwishoni shikeni ncha yake.

Akivuta, simameni. Msimrudishe, msimkemee, simameni tu kama mti. Kamba ikilegea, hata kwa nukta moja, sema neno moja la sifa, mpe kitu kidogo, mwendelee. Atafahamu upesi kwamba kamba iliyokaza haimpeleki popote, na kamba iliyolegea ndiyo inayomfikisha kwenye harufu anayoitaka. Siku za mwanzo mtatumia robo saa kufika langoni. Jirani watacheka. Wacheni wacheke.

Muda wa kutembea nao una kanuni zake katika mji huu wetu wa joto. Tokeni asubuhi mapema au jua likishakwenda kuzama milima ya Congo. Wekeni nyuma ya kiganja juu ya lami. Msipoweza kustahimili, nyayo za kilebu haziwezi pia. Na wale wa karibu na ziwa na delta ya Rusizi hawahitaji kukumbushwa kwamba ukingoni jioni kuna viboko na mamba. Mbwa asiye na kamba huko ni kitoweo.

Mimi, wewe na yule tumelelewa katika imani kwamba mbwa hufundishwa kwa fimbo. Nasi polisi hatujitoi humo. Tumeamini hivyo kwa miaka mingi, na baadhi yetu bado. Kwa hiyo twataka kuwatolea mfano ambao si wa Ulaya. Upo Morogoro, Tanzania, ndani ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambako shirika la APOPO hufundisha panya buku wa Kiafrika kunusa mabomu ya ardhini. Panya hao huanza kuzoeshwa watu, sauti na harufu za dunia wakiwa wachanga mno. Huvalishwa mkanda mdogo wa kifua, mkanda ukaunganishwa na kamba iliyotandazwa kati ya waongozaji wawili, naye panya hupita huku na huku akinusa. Akikosea hapigwi, akipatia, husikia mlio mfupi na kupewa kipande cha ndizi au njugu. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alipelekwa Kambodia, na huko aligundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100. Mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika moja la Uingereza linalohudumia wanyama, akafa kwa uzee Januari 2022. Panya, mabibi na mabwana! Kiumbe tunayemfukuza ghalani kwa ufagio. Ikiwa yeye amefundishwa kwa subira, kwa mkanda wa kifua na kwa tonge, hatuoni udhuru wa kumkaba mtoto wa mbwa.

Hata mbwa wa kazi nzito hufuata njia hiyo. Katika Hifadhi ya Virunga, upande wa Congo, askari wa hifadhi wamekuwa na kikosi cha mbwa wa kufuata nyayo tangu mwaka 2011. Mbwa wa namna hiyo, akifuata harufu ya mtu, huvalishwa mkanda wa kifua wenye kamba ndefu, ili apate kuinamisha kichwa na kuvuta bila kukabwa. Kuvalishwa mkanda ule ndiyo ishara kwake: sasa ni kazi. Ukivuliwa, kazi imekwisha, ni wakati wa mchezo. Huko Usa River, karibu na Arusha, mbwa wamefundishwa tangu mwaka 2014 kunusa pembe za ndovu katika bandari na viwanja vya ndege. Nanyi mwaweza kuwapa mbwa wenu maarifa hayo madogo: mkanda wa matembezi uwe wa matembezi, usiwe wa adhabu.

Sasa turudi kwa mbwa yule aliyekimbilia Rusizi.

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa ambao, dalili zake zikishajitokeza kwa mtu, karibu kila mara huishia kaburini. Makadirio ya dunia ni vifo 59,000 hivi kwa mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na katika kila watu 10 wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa, 4 ni watoto wasiofikia miaka 15. Takribani vifo vyote hivyo vyatokana na mbwa. Mbwa aliyeuma, akiwa amefungwa na kuonekana, hutazamwa kwa siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, hakuwa na ugonjwa mateni mwake siku aliyouma, na hofu hupungua. Lakini mbwa asiyeonekana hawezi kutazamwa. Kwa hiyo wazazi wa binti yule walilazimika kutafuta chanjo zote, sindano baada ya sindano, kwa fedha za kukopa. Baba alipoteza siku za kazi, mama aliuza kitenge chake cha harusi. Binti ni mzima, tunamshukuru Mungu, ila bado huzunguka mbali akipita ua wowote wenye mbwa.

Jambo moja walilifanya vema, na tunaliomba kwenu nyote: nyanya yake aliosha jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili, kabla ya kwenda kituo cha afya. Hakupaka majivu, hakupaka petroli, hakufunga majani.

Wapo wanaotuambia kwamba dawa ya haya yote ni sumu: watupiwe mbwa wa mitaani nyama yenye sumu, yaishe. Tunaelewa hasira yao. Lakini mbwa wakiuawa, wengine huja kuchukua nafasi yao, nao hawajachanjwa. Kinachoukata ugonjwa ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100 na kurudia. Na hapa mkanda wa kifua unaingia tena katika hesabu. Siku ya chanjo, mbwa asiyejua kuongozwa hafikishwi kwenye meza ya daktari. Ama anaachwa nyumbani, ama analetwa amefungwa kwa kamba ya katani, anapigana na wenziwe, anamwuma aliyemshika. Mbwa aliyezoeshwa toka miezi mitatu huja kwa miguu yake.

Wa Gatumba mtaelewa upesi zaidi kuliko wengine. Rusizi ilipofurika mwaka 2020, familia zilitoka usiku zikiwa na godoro kichwani na watoto mgongoni. Mbwa asiyejua mkanda wala kamba hachukuliki katika hali kama hiyo. Huachwa. Na mbwa aliyeachwa ndiye baadaye mnamwita mbwa wa mitaani.

Kwa ndugu zetu Waislamu tuna neno la heshima. Wanazuoni wamesema yao juu ya ute wa mbwa na kutoharisha, nasi hatuingii humo. Si kazi yetu. Tunachojua ni kwamba mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa mashamba wametajwa kwa ruhusa, na kwamba Sura ya Al-Maida imewataja wanyama wa kuwinda waliofunzwa. Jirani anayekwenda msikitini alfajiri na kanzu yake safi ana haki ya kupita bila kurukiwa. Mbwa aliye katika mkanda na kamba fupi humhifadhia haki hiyo, na mwenye mbwa asimwone jirani kuwa mchokozi anapoidai.

Kwa mazamu wanaolinda nyumba za watu usiku: mbwa mlinzi hahitaji kuteswa ili abweke. Anahitaji kujua nani ni wa nyumbani na nani mgeni, na hilo hulijua kwa kutembezwa na kuonyeshwa. Tunapobisha hodi usiku kwa kazi, mfungeni kwanza, ndipo mfungue lango. Askari wetu pia wana watoto.

Na kwenu mnaovuka na mbwa, iwe Gatumba kuelekea Uvira, iwe Kobero kuelekea Tanzania: ulizeni kwanza kwa daktari wa mifugo karatasi zinazotakiwa upande wa pili, kwa kuwa cheti cha chanjo huulizwa, nao mbwa asiye na cheti aweza kuzuiwa. Pale kwenye foleni, katikati ya mabeseni ya ndizi na baiskeli za mizigo, kamba iwe fupi na mkononi, isifungwe kwenye usukani wa baiskeli. Tumeyaona matokeo.

Tumesema mengi na jua linapanda. Mwenzetu amesimama kule chini ya mwembe na kilebu wa majuma 10, na mkanda wake ulishonwa jana kwa ukanda wa kiti cha gari kuukuu. Watoto wasogee upande wa kulia, waketi chini, wasipige kelele. Wenye mbwa njooni mbele mmoja mmoja na vipimo vyenu. Fundi yuko hapa na sindano yake, naye atawapima wasio na vipimo. Mzee mwenye kilebu mweusi, wewe ndiye wa kwanza. Fungua kwanza hiyo kamba ya shingo.